Tunaongoza mpaka dakika ya 70, halafu tunarudishiwa. Wajuzi wa kukaba njooni mnisaidie (Mbeya)

#1 Kocha wa Ilomba

Wakuu habari za jioni.

Nafundisha timu ya mtaa hapa Mbeya. Vijana wengi ni wa Ilomba na Sae, wachache wanatoka Uyole. Kufunga si shida yetu, shida ni kulinda. Karibu kila mechi tunaenda mapumziko tukiwa mbele, ikifika dakika ya 70 hivi mambo yanageuka. Jumapili tulikuwa tunaongoza 2-0, tumetoka uwanjani 2-3.

Goli la kwanza lilikuwa kona. La pili mpira wa kurusha, mabeki wangu wakasimama wakimwangalia mshika kibendera anyanyue kuotea. La tatu tulibutua mpira ukaishia miguuni mwao nje kidogo ya boksi la kumi na nane, jamaa akaachia shuti.

Viongozi wanataka nitoe mabeki wote wawili wa kati. Mimi naona kabla mpira haujamfikia beki kuna kitu kimeshaharibika mbele yake, ila wakiniuliza ni kitu gani sina jibu la kuwaridhisha. Naomba maoni ya waliocheza au wanaofundisha. Tafadhali msiniambie nisajili, hela hakuna.

#2 Mtoto wa Mwanjelwa

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Beki Mbili Mstaafu

Kocha, jibu lako liko kwenye lile goli la tatu. Mkishaongoza, mabeki wako wanaanza kurudi nyuma wenyewe bila kuambiwa na mtu. Wanaogopa mpira wa kupitishwa nyuma yao. Washambuliaji nao wanabaki mbele wakisubiri goli la tatu. Kati hapo panabaki uwanja mzima wa mtu kuvuta shuti anavyotaka.

Angalia umbali kati ya mstari wa mabeki na mstari wa viungo. Ukizidi mita 15 umekwisha. Sisi tulifundishwa mita 10 mpaka 12, na mtu wa kupima ni beki wa kati. Mpira ukibutuliwa anapiga kelele "toka!" na wote mnapanda pamoja. Kubutua si kosa, kosa ni kubutua halafu mkabaki ndani ya kumi na nane mnautazama mpira. Ule mpira wa pili, yaani unaookotwa baada ya kubutuliwa, ndio unaoua timu za ndondo kuliko kitu kingine chochote.

Usitoe mabeki. Muulize namba sita wako, kiungo mkabaji, alikuwa wapi.

#4 Nyanda wa Soweto

Nampinga mkuu #3, kwa heshima. Namba sita anaona kilicho mbele yake tu. Anayeona uwanja mzima ni kipa, na kipa wa timu za mtaa huwa bubu. Nimedaka miaka mingi viwanja vya Mbeya na Songwe, najua ninachosema. Kipa akikaa kimya dakika tano, mstari wa mabeki unavunjika. Mmoja anapanda, mmoja anabaki, kuotea hakupo tena.

Kocha, hebu tuambie, kwenye ile kona kipa alisema nini?

#5 Mwana wa Kyela

Ndaga wakuu.

Mimi naona mnazunguka. Dakika ya 70 ni pumzi. Sisi tunaotoka Kyela tukipanda kucheza Mbeya, kipindi cha pili kifua kinawaka. Kule ziwani tuko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya mko 1,700. Miguu ikichoka kichwa nacho kinachoka, mtu anaanza kukaba kwa macho.

#6 Kihesa Moja

@Mwana wa Kyela, umeelezea wageni. Timu ya kocha ni wenyeji, wanalala na kuamka humo humo kwenye baridi. Kama ni hewa basi wapinzani ndio wangekata pumzi wa kwanza.

Ila hewa nyepesi ina jambo lingine ambalo watu wengi hawalisemi. Mpira unakimbia zaidi na haupindi sana. Kipa aliyezoea Dar akija uwanja wa Samora hapa Iringa au Sokoine huko Mbeya, krosi inampita kichwani akidhani itashuka. Hilo lamhusu hata mwenyeji akidaka upande unaopata upepo. Hapa Iringa miezi ya Agosti na Septemba upepo unaamua mechi.

Kamwene kwa wote wa Nyanda za Juu.

#7 Wagonga Nyundo Damu

Tukiongelea kulinda, heshima kwa Mbeya City ya 2013/14. Wamepanda daraja, msimu wa kwanza wakamaliza wa tatu, na Sokoine hakuna aliyetoka na ushindi. Kocha wao Mwambusi aliwapanga watu wakakaba kuanzia kwa straika. Kocha anza hapo.

#8 Mzee wa Takwimu

Mkuu #7, wa tatu ni kweli. Kwamba Sokoine hakuna aliyeshinda si kweli. Azam walikuja Aprili 2014 wakashinda 2-1 hapo hapo Sokoine na kutwaa ubingwa, tena msimu mzima hawakufungwa na mtu.

#9 Wagonga Nyundo Damu

Sawa, Azam ile ilikuwa ya moto. Hoja yangu ya kukaba kuanzia mbele iko pale pale.

#10 Mbarali Mpunga

Mnawasahau Ihefu. Novemba 2022 Yanga wamekuja kwao Ubaruku na rekodi ya mechi 49 za ligi bila kufungwa, wakalala moja bila. Ulinzi ule kocha autafute.

#11 Mzee wa Takwimu

Ilikuwa 2-1 mkuu, tarehe 29 Novemba. Na Yanga ndio walitangulia kufunga. Msimu uliofuata, Oktoba 2023, wakarudi Ubaruku wakafungwa tena 2-1. Kwa hiyo Ihefu mara zote mbili walifungwa goli. Walichofanya ni kutofungwa la pili, na hilo ndilo swali la kocha hasa.

#12 Mwananchi wa Mafiati

Lazima kila uzi mtaje siku hizo mbili? Ligi nzima tumebeba sisi Yanga, nyie mnakumbuka Ubaruku tu.

#13 Mbarali Mpunga

Na tutakumbuka mpaka kiama 😂 timu yenyewe ilihamia Singida ikabadilishwa jina, tuachieni kumbukumbu.

#14 Mzee Mkoba

Vijana hamjambo.

Zamani tulikuwa na mkoba. Mabeki wawili wanakaba mtu kwa mtu, mkoba amesimama nyuma yao hana mtu wake, anafagia kila kinachopita. Waitaliano waliufanya mfumo huo ukawa dini. Inter ya Helenio Herrera ilichukua kombe la Ulaya 1964 na 1965 kwa mfumo huo. Hata huku Nyanda za Juu kila timu ilikuwa na mkoba wake, na Tukuyu Stars walipochukua ubingwa wa nchi 1986 watu wa Rungwe tulijua mpira unaanzia nyuma.

Siku hizi mnakaa mstari mmoja wa watu wanne, mmoja akilala wote mmekufa. Kocha, mrudishe mkoba. Na kipa awe anarudishiwa mpira adake, apumzishe mchezo. Hiyo ya kumkataza kipa kudaka pasi ya beki imeletwa baada ya Kombe la Dunia la 1994, imeharibu ulinzi kabisa.

#15 Mzee wa Takwimu

Shikamoo mzee. Sheria hiyo ni ya 1992. Kilichowachosha watu ni Kombe la Dunia la Italia 1990, mabeki na makipa walikuwa wanarudishiana mpira mpaka dakika zinaisha. 1994 Marekani ndiyo ilikuwa Kombe la Dunia la kwanza kuchezwa kwa sheria hiyo.

#16 Mzee Mkoba

Marahaba. Mwaka wowote, imeharibu ulinzi.

#17 Refa Mtaani

Mimi ni refa wa ngazi ya wilaya, naomba niliseme hili maana limenikera. Goli la pili la kocha.

MPIRA WA KURUSHA HAUNA KUOTEA. Hata kona haina, hata goli kiki haina. Mchezaji akipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye hivyo vitatu, hata awe amesimama pembeni ya kipa, ni halali. Kila wiki nazungukwa na mabeki wanaonionyesha mikono juu wakati straika anafunga. Kocha, hilo goli hukufungwa na wapinzani, mlifungwa na kutojua sheria, na hilo linarekebishika kwa mazoezi ya jioni moja.

La pili, kwa makipa mnaopenda kulalia mpira mkiongoza. Sheria mpya ya 2025 inasema kipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8 refa anatoa kona. Zamani zilikuwa sekunde 6 na adhabu ni faulo isiyo ya moja kwa moja ndani ya boksi, marefa wengi hatukuwa tunaitoa. Sasa hivi tunahesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole, mkono juu, kila mtu anaona.

#18 Nyanda wa Soweto

Asante refa. Yaani timu inayofungwa kwa kona halafu kipa anazalisha kona nyingine kwa kulala. Mungu atusaidie.

#19 Mtu wa Isanga

Mnaandika vitabu lakini ukweli mnaujua. Dakika ya 70 kila mechi? Kila mechi? Hapo kuna watu wameshughulikiwa. Kocha aongee na kamati ya ufundi, wale wa mambo ya waganga, wakague lile goli la upande wa barabarani. Mimi nimeshaona kipa anarukia mpira anaona mipira miwili.

#20 Beki Mbili Mstaafu

Nilijua utafika tu. Hela ya mganga nunulieni maji na glukosi, mtaona kipa anaona mpira mmoja.

#21 Mtu wa Isanga

Wewe endelea na mita zako 12. Mimi sijamwambia asifanye mazoezi, nimesema asilale upande mmoja. Timu kubwa zinapita mlango usio rasmi uwanjani, zinapigwa faini, na bado zinapita. Ni wajinga?

#22 Kihesa Moja

Wanafungwa pia mkuu, na timu zote mbili zinazocheza zina kamati. Tuendelee.

#23 Taifa Stars Mpaka Kifo

Kocha usijione uko peke yako. Taifa letu lina ugonjwa huo huo. AFCON ya 2019 tunaongoza Kenya 2-1 mapumziko, tukafungwa 3-2. AFCON ya 2023, Januari 2024, tunaongoza Zambia kwa goli la Msuva la dakika ya 11, wenzetu wako KUMI uwanjani tangu kabla ya mapumziko, na bado Patson Daka akarudisha dakika ya 88. Kona ya Chama, kichwa, goli. Nilikuwa naangalia kwenye banda la Kabwe, hakuna aliyeongea mpaka tumefika barabarani.

Tulikuwa na mtu mmoja zaidi! Pumzi zilikuwepo, hewa ilikuwa ya pwani, mabeki walikuwa wazuri. Kilichotuua tuliacha kucheza mpira. Tulianza kulinda goli moja, na timu inayolinda goli moja inakaribisha kona baada ya kona. Ukitoa kona nyingi, moja itaingia.

#24 Mzee wa Takwimu

Ongezea na upande wa pili. CHAN ya Agosti 2025 hapa hapa nyumbani, Stars walicheza mechi nne za makundi na kufungwa goli moja tu, na Madagaska. Baadaye Moroko wakatutoa robo fainali 1-0. Kwa hiyo kukaba tunaweza.

#25 Kocha wa Ilomba

Wakuu nashukuru sana, nimesoma yote. Ngoja nijibu.

@Nyanda wa Soweto, kwenye kona kipa hakusema kitu. Alitoka nusu njia akarudi. Ni kijana wa miaka 17, anawaogopa mabeki, ni kaka zake wa mtaani.

@Beki Mbili Mstaafu, namba sita nilimtoa dakika ya 65. Alikuwa na kadi ya njano na niliogopa nyekundu. Aliyeingia ni mshambuliaji ambaye nilimwambia akae kati.

@Refa Mtaani, jioni hii hii nawapa somo la mpira wa kurusha.

@Mtu wa Isanga, viongozi wangu wapo nusu kwa nusu juu ya hilo. Mimi simo.

#26 Beki Mbili Mstaafu

Umetoa namba sita ukaweka straika, ukiwa unaongoza mbili bila! Kocha wangu, mbona umejijibu mwenyewe.

#27 Taifa Stars Mpaka Kifo

Si haki. Mwenye kadi ya njano kwenye ndondo, na marefa tunaowajua, hata mimi ningemtoa.

#28 Refa Mtaani

Nimeona hiyo.

#29 Namba Nne wa Mkwawa

Habari zenu. Mimi ni dada, nacheza beki wa kati Iringa na nasaidia kufundisha mabinti. Mmeongea mistari, hewa, kona, sheria, waganga. Hakuna aliyeongelea beki anakabaje akiwa na mtu mmoja mbele yake.

Nikiangalia mechi za mtaani, beki anamwendea mwenye mpira mbio, kifua kimemwelekea, miguu iko sambamba. Hapo umempa tobo au kulia au kushoto, achague. Ukifika mita mbili punguza mwendo, simama upande, mguu mmoja mbele, goti likunje kidogo, umfungie njia ya katikati na kumwachia ya pembeni. Usiguse mpira mpaka yeye ameugusa vibaya. Wenzangu wananiambia sikabi, nasindikiza. Ndiyo, nasindikiza, kwa sababu kila sekunde ninayomchelewesha viungo wawili wamerudi nyuma yangu.

Dakika ya 70 beki aliyechoka anakata tamaa ya kusindikiza. Anajitupa chini. Akijitupa na akakosa, yuko chini, mna pengo la mtu mmoja. Kaka kocha, hesabu mabeki wako wanajitupa mara ngapi kipindi cha kwanza na mara ngapi cha pili. Hapo utajua kama ni pumzi au ni akili.

#30 Nyanda wa Soweto

Post bora ya uzi huu. Dada ungekuja Mbeya unilindie goli.

#31 Mtoto wa Mwanjelwa

Kipa umeanza 😂 rudi kwenye mada.

#32 Mzee Mkoba

Binti amesema kweli. Ila mimi nasema beki anayesindikiza anahitaji mtu nyuma yake, na mtu huyo ni mkoba.

#33 Mwana wa Kyela

Mzee na mkoba wake 😂

Dada #29 amenirudisha kwenye hoja yangu. Kujitupa ni uchovu. Kocha, vijana wako wanafanya kazi gani mchana? Wale wa sokoni Mwanjelwa wanapakua viazi tangu saa kumi na moja alfajiri, saa kumi jioni wako uwanjani. Hata awe amezaliwa juu ya Mlima Rungwe, hiyo mechi anaimaliza vipi?

#34 Kocha wa Ilomba

Hapo umegusa. Beki wa kati mmoja anapakia viazi, mwingine bodaboda. Jumapili wa bodaboda alikuja dakika kumi kabla ya mechi kuanza.

#35 Kihesa Moja

Hata Lipuli yetu ya Iringa walijua hilo. 2019 nusu fainali ya Kombe la FA waliwafunga Yanga 2-0 pale Samora, nyavu zao hazikuguswa. Walikuwa wameweka kambi, wamelala, wamekula. Fainali Lindi wakafungwa na Azam 1-0, na safari ya Iringa mpaka Lindi mnaijua wenyewe.

#36 Taifa Stars Mpaka Kifo

Kwa hiyo Lipuli walifungwa na basi?

#37 Kihesa Moja

Nimesema safari, sikusema basi. Umbali unachosha, hata wewe ukitoka Mbeya kwenda Tunduma tu unashuka mgongo unauma.

#38 Mwananchi wa Mafiati

Tuache utani. Kuna watu wameandika kwamba kurudi nyuma ndio kosa. Ugiriki 2004 walirudi nyuma na wakachukua Euro. Robo, nusu na fainali zote 1-0, zote kwa kichwa. Moroko 2022 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika, na mpaka hapo goli pekee lililoingia nyavuni mwao walijifunga wenyewe dhidi ya Kanada. Walikuwa wanakaa chini, wamebanana. Kupaki basi kunafanya kazi kama wote kumi wamepaki. Tatizo la kocha ni kwamba saba wamepaki na watatu wako kituoni.

#39 Beki Mbili Mstaafu

Sasa hapo mimi na wewe tunasema kitu kimoja. Wakiwa chini wawe chini wote, wakiwa juu wawe juu wote. Moroko walikuwa chini lakini mita kati ya mistari zilikuwa zile zile.

#40 Wagonga Nyundo Damu

Mimi bado. Ukikaa chini kwenye viwanja vyetu unajiua. Uwanja wa mtaani una mashimo, mpira unadunda ovyo mbele ya kipa, Julai vumbi, Machi tope. Basi la Moroko lilipaki kwenye nyasi za Qatar. Huku kwetu mpira ukae mbali na goli lako, basi.

Kocha, huo uwanja wenu si una mteremko? Kipindi cha pili huwa mnashambulia kupanda au kushuka?

#41 Kocha wa Ilomba

Mteremko upo, kuelekea barabarani. Kapteni akishinda shilingi huwa anachagua kuanza kwa kushuka, ili tufunge mapema.

#42 Mtu wa Isanga

Upande wa barabarani. Nilisema mimi.

#43 Wagonga Nyundo Damu

Umesema mganga, mimi nimesema mteremko! Kocha, mnafunga mapema kwa sababu mnashuka. Kipindi cha pili mnapanda, mmechoka, na mkibutua mpira unarudi wenyewe. Mwambie kapteni aanze kwa kupanda hata mkimaliza 0-0 mapumziko.

#44 Namba Nne wa Mkwawa

Asishinde shilingi je? Nusu ya mechi hatachagua yeye. Ajifunze kulinda pande zote mbili.

#45 Nyanda wa Soweto

Turudi kwenye kona, maana hiyo hata mteremko hauiponyi. Kocha, weka mtu mlingoti wa karibu, mtu mlingoti wa mbali, warefu wako watatu ndani ya boksi dogo la sita, wengine mtu kwa mtu. Na huyo kijana wa miaka 17 mpe neno moja tu la kusema, "yangu". Akisema "yangu" kila mtu anampisha, hata kaka yake. Asiposema, hatoki.

#46 Beki Mbili Mstaafu

Mlingoti wa mbali unampoteza mtu bure. Muweke huyo pembeni ya kumi na nane asubiri mpira wa pili. Goli la tatu la kocha lilitoka hapo hapo.

#47 Nyanda wa Soweto

Hujawahi kudaka wewe. Mpira ukinipita kichwani, nani anauokoa kwenye mstari?

#48 Namba Nne wa Mkwawa

Sisi tunaweka mlingoti wa karibu tu. Kona nyingi za mtaani zinapigwa fupi, hazifiki mbali.

#49 Kihesa Moja

Kwa upepo wa Agosti dada? Zinafika na kupita.

#50 Kocha wa Ilomba

Alhamisi nitajaribu yote mawili, kona za upande mmoja na mtu mlingoti wa mbali, za upande mwingine bila. Namba sita atakuwepo, na huyo wa viazi nimemwombea ruhusa kwa bosi wake atoke saa sita. Nitaleta matokeo.

#51 Mzee Mkoba

Na mkoba?